Gereji za bodi mnatuuzia mabasi yasiyoona usiku! Taa za mbele zinafifia, kila fundi anauza balbu tu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina basi dogo la ruti ya Tabora, Urambo, Kaliua mpaka Nguruka. Lilikuwa lori la Kijapani la volti 24. Likakatwa kebini, likaundiwa bodi ya abiria kwenye gereji ambayo jina lake silitaji hapa. Injini haina neno, chesisi haina neno. Taa za mbele ndizo zinazotaka kuua watu.

Dalili zake ni hizi. Ukiwasha dimu, yaani mwanga wa karibu, unapata mwanga wa njano kama kibatari, unamulika hatua chache tu mbele ya bampa. Ukiweka indiketa, taa kubwa hizo za mbele nazo zinapepesa kwa kuifuata. Waipa zikianza kazi, mwanga unashuka tena. Halafu ile taa ndogo ya bluu ya fulu (mwanga wa mbali) pale dashibodi haizimiki kabisa, inabaki inawaka kwa mbali hata ukiwa kwenye dimu. Mtu anayejiita fundi umeme wa magari akisikia hayo yote kwa pamoja anatakiwa awaze ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, kabla hajagusa kitu kingine. Niliowapata mimi ni wauza vipuri.

Wa kwanza akasema balbu zimechoka, tukaweka H4 mpya (balbu moja yenye nyuzi ya fulu na ya dimu) za wati 75/70. Hali ileile. Aliyefuata akasema betri, tukanunua mbili mpya. Hali ileile. Mwingine akashusha alteneta, akaifungua, akairudisha, akachukua hela yake. Akaja mjuaji na balbu za wati 100 na zaidi, eti ndiyo dawa ya barabara za huku. Soketi zikayeyuka! Waya ni mwembamba, viungo vibovu, wewe unaongeza mzigo. Volti zinazopotea njiani zinaongezeka, na joto linaongezeka.

Ila aliyenitia hasira kuliko wote ni yule aliyeukuta waya wa pamoja wa soketi, unaohudumia dimu na fulu, akaamua huo ni ethi, akaufunga kwenye chesisi. Fyuzi ikakata papo hapo. Badala ya kujiuliza kwa nini, akachomeka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Moshi ukatoka chini ya dashibodi! Basi la abiria hilo, viti vya sponji, mlango mmoja. Jamani, hivi mnajua mnachokifanya?

Nawaambia mafundi wenzake na hili mlishike: magari mengi ya Kijapani, Land Cruiser za zamani zikiwemo, hayawashi taa kubwa kwa kukata chanya. Chanya inafika moja kwa moja kwenye mguu wa pamoja wa balbu. Swichi ya usukani ndiyo inayopeleka hasi, ama kwenye dimu ama kwenye fulu. Ukifanya kazi kwa mazoea ya magari ya aina nyingine, utachoma gari la mtu. Pima kwanza.

Aliyepima ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli hapa Tabora. Alikuja na mita yake na mkasi wa waya, basi. Mafundi wote waliotangulia walikuwa wanachomoa balbu, wanachomeka testa kwenye soketi, testa inawaka, wanasema umeme upo. Mzee akasema, "Mwanangu, mita haili umeme. Waya uliobaki unyuzi mmoja utakuonyesha volti zote. Acha taa ziwake ndipo upime." Injini ikiunguruma, kwenye betri tulipata volti 27.6. Kwenye miguu ya balbu inayowaka tukapata 21! Akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa chanya wa balbu: zimepotea 1.6. Upande wa hasi zikawa zimepotea 5. Ukipoteza asilimia 10 ya volti kwenye balbu ya nyuzi, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Sisi tulikuwa tumepoteza zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo tulikuwa tunaendesha na chini ya nusu ya mwanga.

Na sababu ni gereji ile. Ethi ya swichi ya taa ilikuwa kwenye bolti ya kebini. Kebini wakaikata wakaitupa, ule waya wakaubana kwa skrubu kwenye fremu ya dashibodi mpya, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hasi ya taa kubwa ikawa inatafuta njia kupitia indiketa, waipa na chochote kilichounganishwa pale, ndiyo maana vyote vilikuwa vinafifishana. Waya wa chanya nao waliurefusha kwa waya wa spika, wakausokota kwa mkono na kuuzungushia tepu. Vumbi na mvua za huku vimemaliza kazi.

Redio na chaji za simu za abiria wamezichukulia volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Hiyo moja inashuka kila siku, mwenzake inachemka. Betri nilizonunua zimeanza kufa kwa sababu hiyo, wakati konvata ya 24 kwenda 12 inauzwa madukani.

Nimewarudia. Jibu lao: dhamana ni ya bodi, umeme haumo. Kwani taa za mbele si sehemu ya basi mliloniuzia? Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Njia ya Kaliua ina ng'ombe, baiskeli za mkaa zisizo na hata kiakisi, na malori yaliyoharibika ambayo onyo lake ni matawi yaliyotupwa barabarani. Matawi hayo dereva wangu alikuwa anayaona yakiwa tayari chini ya matairi. Na ukaguzini wanaangalia kama taa inawaka, wanakuruhusu.

Mzee amekwangua rangi, amefunga ethi nene mpaka chesisi na hasi ya betri, dimu sasa inaonekana. Bado anataka kuweka rilei mbili za volti 24 (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa) karibu na taa, zilishwe kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye fyuzi pale betri, ili swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Hapa mjini naonyeshwa rilei za volti 12, ambazo koili yake itaungua kwenye 24. Aliyeziona za 24 Tabora, Nzega au Kigoma mjini aniambie duka gani na bei gani. Na kama kuna mwingine aliyeundiwa basi kwa mtindo huu akanyimwa dhamana ya umeme, ajitokeze hapa, tuwafuate tukiwa wengi.