Nywele zinanyonyoka kwa viduara, naomba ushauri
Habari zenu wakuu, huu mwezi wa tatu nywele zinaninyonyoka kwa viduara, kimoja kipo nyuma ya sikio saizi ya sarafu, ngozi laiiini haiwashi wala haina magamba, na kucha nazo zina vishimo kama zimedungwa sindano. Nilijua ni fangasi nikapaka dawa wee hamna kitu, kumbe daktari wa ngozi anasema ni alopesia areata, yaani kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele zangu mwenyewe, na haiambukizi. Anataka anichome sindano za steroidi (dawa ya kutuliza hiyo kinga) hapo hapo kichwani kila wiki 4 hadi 6. Waliochomwa, zinauma sana? Nywele zikianza kurudi nyeupe, baadaye zinakuwa nyeusi? Au nisubiri tu, maana kasema nyingine huota zenyewe?