Tumetolewa na Oakland!! Kocha Calipari aachie timu ya kikapu ya chuo cha Kentucky, na nani aje? Tuongee ukweli

Wakuu, hapa Lexington, Kentucky, Marekani ni saa saba usiku, Machi 22, 2024, mama watoto kashanifukuza sebuleni kwa kelele, nimehamia jikoni na simu yenye chaji asilimia kumi na mbili. Nitaandika nilivyo, ukikuta kosa la herufi vumilia tu.

80 kwa 76. Kentucky, timu iliyopangwa namba 3 (namba ndogo ndiyo timu kali), imetolewa na Oakland iliyopangwa namba 14, raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo ya Machi. Na kwa wale mlioko Dar na Nairobi mtakaodhani ni Oakland ile ya California, hapana, hii ni Oakland ya Michigan, chuo ambacho mpaka jana ukinambia nikuonyeshe kwenye ramani ningekuonyesha ziwa. Kocha wao Greg Kampe yuko pale tangu 1984, yaani mimi sijazaliwa yeye yuko benchi. Mzee katulia na bajeti yake ya karanga katutoa sisi wenye kila kitu.

Halafu ametutoa kwa mtu mmoja! Jack Gohlke. Jamaa kafunga pointi 32, mipira kumi ya pointi tatu. KUMI. Na sio kwamba ilikuwa siri, huyu bwana msimu mzima kazi yake ni hiyo tu, mipira yake karibu yote anarusha kutoka nje ya mstari, haingii ndani, hapigi chenga, anazunguka zunguka wenzake wanamwekea ukuta anapokea anatupia. Mtoto wangu wa miaka tisa baada ya ule wa nne akaniuliza, baba kwani hawamuoni? Nikakosa jibu. Kocha wetu analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka na darasa la tatu kashaona tatizo kabla yake. Unamwekea mtu mmoja wa kumganda mpaka chooni, basi, hata kama wengine wanne wakifunga acha wafunge, lakini sisi tunachelewa, tunapishana kama watu wanaogombea daladala, mpira upo hewani ndio mlinzi wetu anafika na mkono juu. Mkono wa nini sasa.

Ngoja niseme mimi ni nani maana najua kuna watu watakuja hapa na "wewe umeanza kuishabikia lini". Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, kikapu nilikuwa nakiona kwa mbali tu, sisi ilikuwa mpira wa miguu wa makaratasi. Nimefika hapa Lexington sina habari na Kentucky. Kilichoniingiza ni Oscar Tshiebwe. Mtoto wa Lubumbashi kavaa jezi ya bluu namba 34, mwaka 2022 akawa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, wastani wa ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 15 kwa mechi, vitu ambavyo watu hawajaviona miaka mingi. Wakongo wa hapa tuko wengi, na msimu ule hata mama wachungaji ambao hawajui mpira wa kikapu una dakika ngapi walikuwa wanauliza "Oscar anacheza saa ngapi". Kanisani ratiba ya maombi ilikuwa inasogezwa, sitaki kutaja kanisa.

Sasa Machi ile ya 2022 tukacheza na Saint Peter's, kachuo kadogo ka Jersey City, kamepangwa namba 15. Oscar akafunga 30, akachukua ribaundi 16. Tukafungwa 85 kwa 79 muda wa nyongeza. Mtu kakubebea nyumba mgongoni na wewe umeshindwa kufungua mlango! 2023 dhidi ya Kansas State tena Oscar 25 na ribaundi 18, tukafungwa 75 kwa 69, akaondoka hivyo hivyo. Mimi pale ndipo nilipoanza kumtilia shaka huyu mzee Calipari, ila nikajipa moyo, nikasema labda mwaka huu.

Mwaka huu ndio tumeletewa Oakland.

Hesabu ni nyepesi wala haitaki kalkuleta. Tangu tufungwe na Auburn 2019 kwenye robo fainali, mpaka 2024 hii Kentucky imeshinda mechi MOJA ya mashindano ya Machi. Moja, ile ya Providence. 2020 mashindano yalifutwa kwa korona, sawa, hiyo simlaumu. 2021 tukamaliza na ushindi 9, vipigo 16, Kentucky hii hii yenye mabango nane ya ubingwa pale juu Rupp Arena, uwanja wetu wa nyumbani. Halafu Saint Peter's, halafu Kansas State, halafu jana. Kocha wa Yanga au Simba angefika hapo? Pale ukitoka sare mbili mfululizo begi lako linakutangulia airport.

Na dalili zote zilikuwepo msimu huu, tusijifanye tumeshtuka. Desemba tumefungwa nyumbani na UNC Wilmington. Kuanzia mwisho wa Januari tukafungwa mechi tatu mfululizo za nyumbani, Florida, Tennessee akatutandika 103, halafu Gonzaga, kitu ambacho hakijawahi kutokea Rupp tangu ifunguliwe 1976. Wiki iliyopita kule Nashville Texas A&M wanatufunga 97. Tisini na saba, A&M! Timu inafunga raha kuangalia, sikatai, mechi ya Alabama tulivyowapiga 117 kwa 95 nilimpigia simu kaka yangu Bujumbura usiku wa manane kwao nikamwamsha. Ila difensi hakuna. Hakuna kabisa. Ni kama mtu ana gari la kifahari halina breki na kila siku anakuonyesha redio yake.

Na vipaji tunavyo, ndicho kinachonikera. Reed Sheppard, mtoto wa hapa hapa Kentucky, baba yake alichukua ubingwa na timu hii 1996 na 1998, anatupa mipira ya pointi tatu kwa asilimia 52, msimu karibu mzima anaanzia benchi. Rob Dillingham, yule dogo mwenye mikono ya umeme, benchi. Eti wanaingia kuleta moto. Moto unauwasha nyumba ikishaungua?

Nimesikia maneno ya kocha baada ya mechi, kwamba maisha yake yote amefundisha vijana wadogo na itamuwia vigumu kubadilika. Mzee wangu, kwa heshima zote, sikio la kufa halisikii dawa. Ule mpango wa kuchukua watoto bora wa mwaka wa kwanza, wanacheza mwaka mmoja wanasepa NBA, ulifanya kazi wakati wake. 2012 ya Anthony Davis, ushindi 38, vipigo 2, ubingwa New Orleans, nani anabisha. Ila mchezo umebadilika. Baada ya korona wachezaji walipewa mwaka wa ziada, halafu sasa mtu anahama chuo bila kukaa nje, kwa hiyo unakutana na mababa. Gohlke mwenyewe alikuwa Hillsdale, chuo cha daraja la pili, kakomaa kule kaja Oakland ana ndevu, sisi tunapeleka watoto wa miaka 18 na 19 ambao jana tu walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda disko. Mechi za Machi zinaamuliwa dakika mbili za mwisho, na pale kipaji peke yake hakisaidii, inatakiwa uwe umeshawahi kulia.

Najua watetezi wake mnakuja. Mtasema ametoa mastaa wa NBA, Towns, Booker, Fox, Shai, Maxey, Murray. Ndio! Sasa nijibu: watu wote hao, miaka 15, ubingwa ni mmoja. Booker alikuwa anatokea benchi kwenye ile timu ya 2015 iliyoshinda mechi 38 bila kufungwa ikaja kufia kwa Wisconsin. Mimi NBA naangalia ESPN, sihitaji chuo kiwe stendi ya mabasi ya kwenda huko.

Haya, tuje kwenye nani aje, maana kulalamika tu bila jina ni umbea.

Kwanza tatizo la pesa. 2019 huyu mzee alipewa mkataba wa miaka kumi, kumfukuza leo ni zaidi ya dola milioni 33. Nimeirudia mara tatu hiyo namba na bado inanipa kizunguzungu. Ila matajiri wa farasi wamejaa hii wilaya, kuna farasi mmoja hapa anauzwa bei ya mtaa mzima, wakiamua kuchanga wanachanga.

Mimi chaguo langu namba moja ni Scott Drew wa Baylor. Alichukua timu iliyokuwa kaburini akaipeleka ubingwa 2021, akampiga Gonzaga ambaye alikuwa hajafungwa msimu mzima, 86 kwa 70, na kwa wachezaji waliokomaa, wengi waliohamia. Hiyo ndiyo dawa tunayoihitaji. Shida ni kwamba jamaa kajenga kwao, sijui kama anatoka Waco, mji wa Baylor.

Dan Hurley wa UConn, namtaka mpaka naota. Bingwa wa 2023, timu yake inakaba kama ina deni na wewe. Lakini haji, tuache kujidanganya, pale alipo kila kitu ni chake.

Billy Donovan, 2024 hii yuko Chicago Bulls ya NBA. Huyu aliwahi kuwa msaidizi hapa hapa enzi za kocha Pitino, akaenda Florida akachukua 2006 na 2007 mfululizo. Kila tukikosa kocha jina lake linatajwa, nahisi hata yeye kachoka kutajwa.

Nate Oats wa Alabama simtaki. Samahani. Difensi yake na yetu ni ndugu wa baba mmoja, si ndio hao tuliowapiga 117? Jay Wright kastaafu, mwacheni mzee wa watu apumzike na mataji yake ya Villanova.

Halafu kuna mzee mmoja kazini kwetu, shabiki tangu enzi za kocha Joe B. Hall, usiku huu kanitumia meseji: Mark Pope. Nikacheka peke yangu hapa jikoni. Pope alikuwa nahodha wa timu ya ubingwa 1996, sawa, mtu wa nyumbani, na BYU, chuo anachofundisha, ilienda kumfunga Kansas kwao mwezi uliopita. Lakini jana hiyo hiyo mchana Pope naye katolewa na Duquesne! Kama kocha, mpaka 2024 hii hajawahi kushinda hata mechi moja ya mashindano ya Machi. Tunatoka kwa mtu anayefungwa raundi ya kwanza jioni tunaenda kwa anayefungwa mchana? Mzee akanijibu "at least anaipenda hii jezi". Hapo alinigusa kidogo, nakiri, maana sijui mara ya mwisho nimeona mtu wa benchi letu anaumia kama ninavyoumia mimi.

Chaji nne. Toeni majina yenu, ila mtu asije hapa na "asiyekubali kushindwa si mshindani", nitamblock.

--

NYONGEZA, tarehe 26 Machi 2024: Mliouliza habari. Mitch Barnhart, mkurugenzi wa michezo, katoa taarifa leo. Kasema Calipari anarudi, msimu wa 16. Nimemwonyesha mwanangu, akauliza kama na Gohlke naye anarudi. Nikamwambia huyo kamaliza. Akasema, basi watakuja na mwingine.