Mhariri wetu anastaafu Desemba, vijana bado hawajaiva. Nifanyeje?

Mchapishaji_Dar: Wakuu, habari zenu. Nina kampuni ndogo ya vitabu, tuko sita. Mhariri wetu, mama wa miaka 60, anaondoka Desemba. Nimeajiri kijana mwenye digrii ya Kiswahili. Sarufi anaijua, lakini mpe mswada wa kurasa 200, anahangaika na mikato tu. Mhusika ni Asha sura ya pili, kufika ya saba kageuka Amina, yeye kapita. Msanifu kurasa naye katokea kwenye mabango na kadi za harusi. Juzi prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, imekuja na "nyumba" iliyokatwa "nyum-" mwisho wa mstari, "ba" chini, kwa kuwa programu iliachwa kwenye Kiingereza. Nakala 2,000 zingetoka hivyo! Niwapeleke chuo au niwafundishe humuhumu? Na wakishaiva, si watachukuliwa na wengine?

BibiMswada: Mwanangu, usimwachie huyo mama aondoke na ujuzi wake. Kuanzia kesho kijana asome kwanza kwa penseli, mama apitie kwa kalamu nyekundu, kisha wakae meza moja, kila alama ielezwe sababu yake. Mimi nilifundwa hivyo. Halafu kila mswada uwe na daftari la wahusika: jina, umri, kwao wapi, ukurasa gani. Asha hatageuka Amina tena.

Msomi_Eldoret: Chuo Kikuu cha Moi huku kwetu kinafundisha uchapishaji kama fani kamili, nami nilisomea hapo. Ni njia nzuri, ila ni ya miaka, na Desemba haikungoji. Anza na ushauri wa Bibi.

FundiKurasa: Silabi zetu karibu zote huishia na irabu: nyu-mba, ke-nda. Huyo msanifu auzime kabisa ukataji wa maneno wa Kiingereza kwenye programu, akate kwa mkono panapolazimu. Mpeleke pia kiwandani akaone karatasi inavyokunjwa. Kama mchapaji wako anakunja kurasa 16 kwa fungu, kitabu cha kurasa 164 kinakuachia 12 tupu, na unazilipia.

BibiMswada: Hilo la kuchukuliwa, ndugu yangu, mpandishe mshahara kabla hajaomba, na jina lake liandikwe ndani ya kitabu. Mhariri huondoka pale kazi yake isipoonekana.

Mchapishaji_Dar: Asanteni sana, shikamoo Bibi. Nimeongea na mama, atakuja siku mbili kwa wiki mpaka Machi. Daftari limeshanunuliwa, na mswada wa kwanza wanaanza Jumatatu.