Ukoo wa Koko: Jumamosi ya Furaha

*Mama Furaha (Karlstad):* Ukoo, habari za jioni. Narudia tena. Jumamosi saa tisa, ukumbi uleule wa parokia. Furaha atazungumza juu ya Margot Wallström, yule aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uswidi. Nani analeta sombe? Nani analipia ukumbi? Naona mmesoma wote.

*Tonton Deo:* Wallström yule wa mazingira?

*Mama Furaha:* Mazingira ni Brussels, 1999 mpaka 2004. Kisha akawa makamu wa rais wa Tume ya Ulaya. Uwaziri wa mambo ya nje ni 2014 hadi 2019. Na kabla ya yote hayo alikuwa karani wa benki HAPA HAPA Karlstad. Digrii hana. Bungeni aliingia 1979, ana miaka 25 tu. Ndiyo maana nataka mabinti wote waje.

*Tonton Deo:* Kumbe yule dada wa benki anayeninyima mkopo kila mwaka ni waziri mtarajiwa 😂

*Yaya Espé (Bukavu):* 😂😂😂

*Mama Furaha:* Deo. Sombe.

*Baba Aline:* Poleni, nilikuwa kazini. Ukumbi kiasi gani? Na zile sufuria za Örebro zilirudi?

*Mama Furaha:* Mambo ya sufuria yalikwisha.

*Baba Aline:* Yalikwisha kwenu. Mimi nilinunua nyingine.

*Furaha:* Mama, naweka kipande hapa, mniambie kama ni kirefu.
"Oktoba 2014, mara tu alipoapishwa, Wallström alitangaza kwamba sera ya nje ya Uswidi itatetea haki za wanawake waziwazi. Aliijenga juu ya mambo matatu: haki, uwakilishi, rasilimali. Yaani kwenye mazungumzo ya amani uulize, wanawake wameketi wapi, na fedha zinamfikia nani? Tarehe 30 mwezi huohuo Uswidi ikaitambua Palestina. Machi 2015 alialikwa kuhutubia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, Cairo. Saudia ikamzuia, kwa kuwa alikuwa amekemea adhabu ya mwanablogu Raif Badawi, aliyehukumiwa viboko 1,000. Haikupita muda, Uswidi ikakataa kuongeza muda wa mkataba wa kijeshi na Saudia, na Saudia ikamwita balozi wake nyumbani."

*Tonton Deo:* Hapo kwenye mkataba soma polepole. Kuna viwanda vya silaha vilivyokuwa vinakula kwenye huo mkataba, na matajiri hapa walimwandikia barua wakitaka uendelee. Hakuyumba.

*Aline:* Hiyo sera bado ipo?

*Furaha:* Ufaransa na Mexico ziliiga. Hapa kwenyewe serikali mpya iliiacha Oktoba 2022.

*Aline:* Duh.

*Yaya Espé (Bukavu):* Umeandika vizuri binti yangu. Mbona Kongo haimo?

*Furaha:* Iko mwisho yaya. 2010 Umoja wa Mataifa ulimfanya mjumbe maalumu wa kwanza wa kupinga ukatili wa kingono vitani. Alifika Walikale, huko Kivu Kaskazini, baada ya yale ya kijiji cha Luvungi, waasi walipobaka mamia ya watu. Nimeweka na yale maneno yake, kwamba Kongo ni makao makuu ya ubakaji duniani.

*Yaya Espé (Bukavu):* Hilo neno.

*Yaya Espé (Bukavu):* Nilikuwa nasoma Kampala mwaka ule. Nikisema natoka Bukavu, watu wananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Hawaulizi kitu. Wanatazama tu.

*Tonton Deo:* Alitaka dunia isikie. Bila yeye nani huko New York angejua Luvungi ni wapi?

*Mama Furaha:* Na Desemba ileile Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1960, makundi yanayobaka yaorodheshwe kwa majina. Yeye ndiye aliyelipigania.

*Yaya Espé (Bukavu):* Sijakataa. Nasema hilo neno.

*Baba Aline:* Jamani sambaza zitakuwepo? Zile dagaa kavu za ziwani?

*Tonton Deo:* Baba Aline, tumbo lako halina msiba 😂

*Aline:* Koko ametuma sauti. Naandika kwa walio kazini:
"Wanangu. Mimi ni mtu wa Walikale, mnajua. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa Luvungi. Huyo mama neno alilisema kwanza, kufika akafika baadaye. Alikutana na wanawake, akawasikiliza, na hilo simnyang'anyi. Lakini vyeo alivipata vingine akaenda navyo. Lile jina limebaki kwetu, linawangoja hata wajukuu. Furaha, msome huyo mama wote, na Cairo na Palestina. Neno hilo usilitamke mbele yangu."

*Mama Furaha:* Tumesikia Koko.

*Baba Aline:* Tumesikia Koko.

*Furaha:* Koko nimesikia. Ila nikilitoa, wenzangu wa shule watakaokuja hawataelewa kwa nini watu wa kwetu walikasirika. Naweza kusema alituita jina baya bila kulitaja?

*Yaya Espé (Bukavu):* Au Koko asimame mwenyewe aseme sehemu ya Walikale.

*Mama Furaha:* Koko, utasimama? Furaha atakaa pembeni yako.

*Mama Furaha:* Koko?

*Aline:* Amesoma. Amezima simu, anasali.

*Mama Furaha:* Haya, tutamuuliza kesho baada ya misa. Furaha, andaa kurasa zote mbili, yenye neno na isiyo nalo.

*Baba Aline:* Sombe naleta. Sufuria sileti.

*Tonton Deo:* Saa tisa kweli, au saa tisa ya harusi yangu?

*Mama Furaha:* Saa tisa KWELI. Ukumbi bado krona 600. Nani?