LUKU (umeme wa kulipia kabla) imepanda tangu baridi ianze Arusha, umeme unaliwa na nini?

Mama Nai, Moshono

Wadau habari za jioni. Naombeni msaada, hasa mafundi umeme na nyie mnaoishi huku kwenye baridi.

Tuko watano nyumbani: mimi, watoto watatu na mama mkwe wangu aliyeshuka kutoka Rombo kutibiwa miguu. Siku zote nilikuwa naweka umeme wa 20,000 mwanzo wa mwezi, wanakata kodi ya jengo 1,500, unaobaki unatufikisha mwisho wa mwezi. Tangu Juni naweka 45,000 ndiyo tunafika. Mimi nauza nyanya na vitunguu soko la Kilombero, hiyo 25,000 ya ziada inatoka kwenye mtaji.

Ndani nina friji, TV na king'amuzi, pasi, birika la umeme, taa zote ni LED. Mwezi Mei nilifunga shawa ya umeme ili bibi asioge maji ya baridi. Kupika ni gesi, makande napikia mkaa.

Jirani anasema nizime friji usiku. Shemeji anasema ni TV. Sasa bibi ametusikia tukijadili, anakataa kuoga maji ya moto, anasema yeye ndiye anayetutia hasara. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Maji ya huku asubuhi mnayajua, na miguu yake ikipata baridi hapati usingizi. Naomba ushauri wowote isipokuwa wa kumnyima mzee maji ya moto.

Fundi wa Pasua, Moshi

Dada pole na majukumu, na bibi mpe shikamoo yetu.

Friji iache, kuizima usiku hakukusaidii, asubuhi itafanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi uliopotea. Angalia tu mpira wa mlango: bana noti ya elfu moja kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka.

Tupige hesabu. Bei ya matumizi ya kawaida (T1) ni 292 kwa uniti (kilowati moja kwa saa moja, yaani kWh). Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) 1, inakuwa 356. Ile 20,000 ukitoa kodi ya jengo ulikuwa unapata uniti kama 52. Hii 45,000 inakupa kama 122. Kwa hiyo tunatafuta uniti 70 zimeingia wapi.

Soma kibandiko cha hiyo shawa. Nyingi zinazouzwa huku ni kilowati 5.5 hivi. Kwa dakika tano inakula karibu nusu uniti (0.46). Watu watano kila siku ni uniti 2.3, kwa mwezi 69. Nadhani umeshaiona.

Usiniamini kwa maneno matupu, mita yenyewe itakwambia. Ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa imp/kWh na namba, mara nyingi 1000. Maana yake kikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda. Zima kila kitu, chomoa na friji, kisha ukiangalie hicho kitaa. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unavuja mahali au waya umeunganishwa bila wewe kujua, ita fundi. Kikitulia, washa kitu kimoja kimoja uhesabu. Kikipepesa mara moja kila sekunde 36, hapo unatumia wati 100.

Kaka wa Sakina

Kwa nini asichemshe kwa gesi? Shawa hizo ni mchwa wa umeme. Sisi tumezing'oa, sufuria inawekwa jikoni, maisha yanaendelea.

Fundi wa Pasua, Moshi

Kaka hapo tusimpoteze dada. Kilo moja ya gesi ina joto linalokaribia uniti 13 za umeme, lakini kwenye jiko letu la kawaida karibu nusu inapotelea pembeni mwa sufuria. Mtungi wa kilo 15 unabaki na kazi ya uniti mia hivi. Uniti mia kwa T1 ni kama 35,600. Je, huo mtungi unaupata kwa bei hiyo? Shawa karibu joto lake lote linaingia kwenye maji. Shida yake ni maji yanayomwagika huku mtu anajisugua, na kuiweka kwenye moto wa juu hata pasipo na haja.

Mama wa Kiborloni

Mwanangu, mimi nimemuuguza mama yangu mzazi miaka mingi, niseme kidogo. Mzee haogi kama kijana. Anaoga taratibu, anapumzika, anashika ukuta. Ukimweka chini ya shawa dakika kumi, maji ya moto yote yanakwenda mferejini na yeye bado anatetemeka kwa sababu bafu lenyewe lina baridi.

Fanya hivi. Fungulia shawa ndani ya ndoo mpaka ifike lita kumi na tano, izime kabisa. Mwekee kiti cha plastiki, kata ya kuchotea maji, na taulo la kutandika chini ya nyayo ili asikanyage saruji. Asioge saa kumi na mbili asubuhi, aoge saa kumi jioni, jua la Arusha likiwa limeshatoka mawinguni na bafu limepata joto. Akitoka, mafuta na soksi palepale. Mama yangu alikuwa analala fofofo.

Watoto nao waoge wakitoka shule, kabla jua halijazama. Madumu meusi ukiyaanika mchana kwenye saruji uani, maji yanapungua ubaridi hata Julai, ila siku ya mawingu usitegemee sana.

Na makande yako, ukijaliwa siku moja nunua jiko la presha la umeme. Nalipikia makande ya familia nzima na haifiki uniti moja, kwa sababu likishapata moto linazima lenyewe na kubaki na mvuke wake. Mkaa unaotumia kwa sufuria hiyo hiyo unaujua bei yake.

Fundi wa Pasua, Moshi

Ndoo ya mama nimeipigia hesabu: lita 15 kutoka ubaridi wa bomba hadi joto la kuogea ni uniti 0.38, shilingi kama 135. Dakika kumi chini ya shawa ni zaidi ya 320. Mwonyeshe bibi hiyo 135, huenda akatulia.

Mdau wa Ngaramtoni

Nyongeza muhimu, watu wengi wanaipita. Ulipokuwa unatumia uniti 52 ulikuwa unalipa bei ya T1 bila sababu. Kuna D1, ya wateja wa majumbani ambao kwa wastani hawavuki uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni 100, na kodi zake 122. Uniti 75 nzima ni 9,150. Ila ukivuka 75, zile za juu zinahesabiwa 350 kabla ya kodi, yaani kama 427, kwa hiyo haimfai anayevuka kila mwezi. Shuka kwanza chini ya 75, kaa hapo miezi kadhaa, ndipo uende ofisi ya TANESCO na namba ya mita uombe kubadilishiwa. Wataangalia manunuzi yako ya nyuma.

Mama Nai, Moshono

Nimerudi. Mungu awabariki, mama wa Kiborloni nakupa shikamoo.

Nimezima kila kitu, kitaa kimetulia kabisa, kwa hiyo hakuna kinachovuja. Kijana wangu mkubwa akasimama kwenye mita, mimi nikawasha shawa. Kwenye moto wa juu kinapepesa mfululizo, anahesabu inampita. Kitufe kikiwa katikati anahesabu vizuri, moja, mbili, tatu, na maji bado ni ya moto wa kutosha. Sasa kitufe kimekaa katikati. Ndoo ya bibi tumeanza, kiti nimeazima kanisani. Nilimwambia ni shilingi 135, akauliza mara mbili, halafu akaoga. Hiyo D1 nitaifuatilia.

Fundi, swali moja. Waya wa shawa ukiugusa wakati watu wanaoga una joto. Ni kawaida?

Fundi wa Pasua, Moshi

Si kawaida. Usiitumie tena mpaka fundi afike. Kilowati 5.5 zinavuta ampea kama 24, inaelekea umefungiwa waya wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa soketi. Unatakiwa waya wa 6 peke yake kutoka kwenye saketi breka, na waya wa ethi (wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ufike kwenye shawa na ufanye kazi, maana mzee anakaa kwenye maji. Ethi ipimwe kwa kifaa, usikubali fundi akwambie ameiangalia kwa macho. Ndoo ya bibi kwa siku hizi chache ijaze kwa birika.