Mekapu ya jukwaani kwa wanaume: rangi ya mafuta au ya maji?

BabuWaKukodi
Habarini wakuu. Nina miaka 28, nimepewa nafasi ya mzee wa miaka 70: kanzu nyeupe, kofia, bakora. Usiku tatu mfululizo. Ukumbi una viti kama 80 na feni mbili, moja huzunguka ikijisikia. Hela inatosha aina moja tu, vijiti vya rangi ya mafuta au ile iliyoganda kwenye kopo, unayoilowesha kwa sponji. Mara ya mwisho nilicheza mzee kwa unga wa muhogo kichwani na masizi usoni. Kabla hatujafika katikati ya mchezo unga ukawa uji, ukanitiririka mpaka mdomoni. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Babu analia maziwa." Sirudii tena.

FundiSura
Chukua ya mafuta, usijiulize mara mbili. Kunyanzi halichorwi tu, linafifishwa: unapiga mstari, kisha unauvuta upande mmoja kwa kidole mpaka upotee, upande wa pili unauacha ukiwa mkali. Ya mafuta inakupa nafasi kwa sababu haikauki. Ya maji inakauka ungali unatafuta kioo. Jasho nalo ni maji, litaikata michirizi. Ila ya mafuta lazima uifunge kwa poda. Bonyeza, usisugue, subiri kidogo, kisha pangusa iliyozidi kwa brashi laini. Bila poda utang'aa kama andazi. Na joto lisikutishe: Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera, alianza kuuza vijiti vya namna hii Berlin mwaka 1873, enzi ambazo majukwaa yaliwaka taa za gesi.

KanzuMoja
Fundi, umesoma neno kanzu nyeupe au umeruka? Uso wa mzee juu ya shingo ya kijana ni kichekesho, kwa hiyo shingo nayo itapakwa. Mimi nilipaka ya mafuta. Usiku wa pili darizi ya shingoni ilikuwa na pete ya kahawia, nikaifua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikachubuka na bado alama ikabaki. Ya maji ungeifua ikaisha. Tena haing'ai. Max Factor, yule mtengeneza mekapu wa Hollywood, alipotoa Pan-Cake yake, rangi ya kulowesha kwa sponji, mwaka 1937, shida aliyokuwa anaikimbia kwenye filamu za rangi ilikuwa huo huo mng'ao wa mafuta.

FundiSura
Filamu wanakata, wanampaka upya, wanaendelea. Huyu nani atamkatia?

TaaYaPili_Nbo
Mnabishana mafuta na maji, rangi yenyewe hamjaitaja. Kwa ngozi zetu kosa kubwa ni nyeupe. Ukiipaka kwenye mfupa wa shavu ili utokeze, chini ya taa inageuka majivu, unaonekana umetoka kusaga. Tumia kahawia nyepesi yenye umanjano. Kwenye mashimo (kando ya pua, chini ya macho, kwenye panja) weka kahawia iliyokoza, nyeusi iache. Damu ya mzee pia inafaa, lakini muulize mtu wa taa kwanza: akiwasha kijani, nyekundu yote inakuwa nyeusi na utaonekana umepigwa ngumi. Kisha mkalishe rafiki kiti cha nyuma kabisa, halafu cha mbele. Viti 80 ni karibu sana, nusu ya mistari utaifuta.

ShangaziWaMapazia
Mwanangu, ndevu nyoa usiku wa kuamkia onyesho. Ukinyoa jioni ile ile na kupaka rangi juu ya vipele vya wembe, utawaka mpaka usahau maneno. Jaribu rangi ndogo nyuma ya sikio siku moja kabla. Na kwa umri wako usipake uso mzima, ngozi yako ndiyo rangi ya chini. Weka vivuli na miinuko tu, gharama inapungua na jasho linapata pa kutokea. Kutoa, mafuta ya nazi kwanza, sabuni baadaye.

BabuWaKukodi
Shikamoo Shangazi, na asanteni wote. Nimenunua vijiti vitatu vya mafuta na poda. Duka la vipodozi dada kaniuliza ni za mchumba, nikasema ndiyo ili yaishe. Shingo siipaki, mzee atavaa shali. Jana nimejaribu mazoezini saa nzima, uso haukusogea. Tatizo ni mikono: nilichora mishipa vizuri, bakora ikaondoka nayo yote.

KanzuMoja
Na hiyo shali ni ya nani?

ShangaziWaMapazia
Marahaba. Mikono poda mara mbili, kiganja usikiguse, mishipa ichore mgongoni mwa mkono peke yake. Na jasho likikutoka, bonyeza kwa leso. Usijifute kwa shali.

BabuWaKukodi
Shali ni ya baba mkwe 😬