Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono ukatoka kwenye umaskini, na alifanyaje?

Mwanzisha mada, Kilosa

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kutwa. Nina jambo linaninyima usingizi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu ameniomba niwe mwezeshaji, yaani mtu wa kutembelea na kuelekeza, wa kaya kumi, watu wanaoishi kwa vibarua vya palizi na kuchota maji. Mafunzo nimepewa ya siku tatu. Kabla sijabisha hodi kwa mtu, nataka kusikia kwa mliopita njia hiyo: aliyekushika mkono alifanya nini kikasaidia, na kipi hakikusaidia? Naanza na yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa mjane wa mwaka mmoja na watoto watatu. Jirani yangu, mama mtu mzima tuliyezoea kumwita Bibi Mwalimu kwa sababu alifundisha VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, alinikuta napepeta mahindi. Sikuwa na hela ya hisa hata moja, nikajua amekuja kunishawishi nijiunge. Kikundi hakukitaja. Aliuliza, "Mwanangu, jana umeshika shilingi ngapi, na zimekwenda wapi?" Nikamjibu sina kitu. Akaokota kijiti, akachora mistari chini: chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, mafuta ya kula ya kupima. Tulipomaliza nikaona kumbe hela inapita mkononi mwangu, ila inapita vipande vipande, na kadiri unavyonunua kidogo ndivyo unavyouziwa ghali.

Nikaanza vitumbua. Wiki ya kwanza viliisha vyote kabla ya saa mbili asubuhi, nikaona nimeshatoka. Alhamisi akaja na daftari, tukapiga hesabu: mchele, sukari ya robo, nazi, hamira, mafuta, mkaa. Faida ilikuwa shilingi mia tatu kwa siku, na jasho langu halijahesabiwa. Nililia. Yeye akanipeleka kwa akina mama wawili wa mtaa wa pili, wauza maandazi na chapati, tukawa tunanunua sukari na mafuta kwa jumla na kugawana. Hapo ndipo faida ikaanza kuonekana. Alikuja kila Alhamisi, mwaka mmoja na miezi minne. Senti yake hakunipa, na siku niliyomkopa alininyima, nikanuna wiki nzima. Kikundini niliingia mwezi wa saba, kwa hisa nilizonunua mwenyewe. Leo binti yangu mkubwa ameshamaliza kidato cha nne.

Karibuni.

Kutoka Singida

Dada, pole na hongera. Yangu ni ya kilichoharibika, naomba uisome vizuri kwa sababu itakusaidia.

Shirika moja lilikuja kijijini kwetu likatuchagua kaya ishirini na tano. Semina siku mbili mjini, posho, picha, halafu kila mtu vifaranga hamsini na banda la mabati. Mlezi wetu alikuwa kijana mstaarabu, mwenye pikipiki nzuri. Alikuja mara ya kwanza, ya pili akapiga simu, ya tatu hatukumwona. Mwezi wa tatu mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukaingia. Ndani ya siku tano nilizika kuku arobaini na mmoja. Jirani yangu alibaki na jogoo.

Kilichonitoa kilikuja baadaye. Mzee mmoja wa kitongoji chetu, mfugaji tu, alinifundisha kitu ambacho semina haikugusa: chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, na unawachanja jioni au alfajiri wakiwa bandani. Chupa moja inachanja kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ukishaifungua huwezi kuiweka mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo ni lazima mchange na majirani na mchanje siku moja. Mzee akatugawa nyumba saba saba. Mwenye zamu anakwenda kununua dawa na chupa ya chai yenye barafu. Huu ni mwaka wa sita, na kuku wangu wakifika mnada wa Jumamosi hawarudi nyumbani.

Nilichojifunza kwa yule mzee ni kwamba na yeye alikuwa na kuku. Mdondo ukiingia kwangu, kwake unafika kesho yake.

Kutoka Dodoma

Ndugu wa Singida umenigusa. Mimi kazi yangu iko karibu na mambo haya, ngoja niongeze kidogo.

Kuna mpango wanaouita wa kuhitimu, yaani kumtoa mtu kwenye ufukara kwa hatua, ulianzishwa na shirika la BRAC huko Bangladesh mwaka 2002. Kaya inapewa mali ya kuzalisha, kwa mfano ng'ombe au mbuzi, inapewa posho ya chakula kwa muda ili isilazimike kuichinja au kuiuza, inafundishwa kuitunza, inaanza kuweka akiba, na mtu anaitembelea, mara nyingi kila wiki, kwa takriban miaka miwili. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa nchi sita: Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Kwa jumla, mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kaya hizo bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi na kumiliki zaidi ya zile ambazo hazikuwamo. Honduras ndiko kulikokwama. Huko wengi walichagua kuku, na kuku wakafa kwa ugonjwa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu hapa hapa nchini.

Na kule Ghana walijaribu pia kuzipa kaya nyingine mbuzi tu, bila mtu wa kuwatembelea na bila mengine. Mbuzi peke yao hawakuwafikisha mbali. Kwa hiyo dada wa Kilosa, usijione mnyonge kwa kuwa huna mtaji wa kugawa. Hapa kwetu TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ina ruzuku kwa kaya za walengwa na vikundi vya kuweka akiba, na halmashauri zina ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ilisimama mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Watu wako watahitaji mtu wa kuwasaidia katiba ya kikundi, usajili na andiko la mradi. Fomu hizo zimewarudisha nyuma akina mama wengi kuliko njaa.

Kutoka Marsabit

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni mama wa Laisamis, kaskazini mwa Kenya, na mwanangu ndiye ananiandikia.

Huku kwetu kuna mpango wa shirika la BOMA ambao huweka wanawake watatu watatu, wakapewa mtaji mmoja wa kufungua biashara, na mama wa hapo hapo akawaongoza miaka miwili. Sisi tulifungua kiduka: sukari, majani, unga, tumbaku. Kati yetu watatu, mmoja pekee ndiye aliyejua kuandika. Mwongozi wetu akatuletea mikebe mitatu na kokoto. Kokoto kwenye mkebe wa kwanza ni deni, wa pili ni mauzo, wa tatu ni akiba. Hivyo hakuna aliyeweza kusema hakuelewa hesabu.

Shida yetu kubwa haikuwa hesabu. Ilikuwa jamaa. Ndugu wa mume akija kuchukua sukari kwa deni, utamwambiaje hapana? Huko kwetu hilo haliwezekani, ni matusi. Mwongozi akatupa neno moja: "Hii si yangu, ni ya watatu." Ukisema hivyo hujamnyima wewe. Tulianza kulitumia kwa aibu, siku hizi hata wazee wanalijua, na mmoja alikuja akauliza, "Wale wengine wawili wako wapi niwaombe?" Tukampa kidogo, akalipa.

Halafu ule ukame mrefu ulioanza mwisho wa 2020, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo. Ng'ombe wa mume wangu walikwisha. Tulikula kwa akiba ya mkebe wa tatu na kwa duka. Sisemi tulishiba. Nasema watoto hawakutoka shule.

Kutoka Mwanza

Mimi kwa kifupi. Nilikuwa mtoto wa mtaani pale stendi. Fundi wa kuchomelea mageti alinipa kazi ya kushika vyuma na kupiga msasa, chakula cha mchana na pa kulala. Mwaka wa tatu akanipeleka VETA, chuo cha ufundi cha serikali, si kusoma upya, bali kupimwa ujuzi ambao tayari ninao ili nipate cheti. Bila karatasi ile nisingepata tenda hata moja ya shule. Alinipa mashine yake ya zamani nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja. Tafadhali mkiwa waelekezi msiwasahau mafundi, wanalea vijana wengi bila mtu kuwaandika popote.

Kutoka Rwamwanja, Uganda

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani wa Masisi, niko kambi ya Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge. Hapa shirika la AVSI walileta mpango kama huo, wakachanganya sisi wakimbizi na wenyeji wa Uganda kwa kikundi kimoja. Kocha wetu alikuwa anapita kila juma.

Ile siku ya kwanza aliuliza: baada ya miaka mitano unajiona wapi? Mimi nikakasirika. Mtu amekimbia vita mara tatu, amezika mke njiani, unamuuliza miaka mitano? Nikatoka. Kocha hakunifuata na maneno. Juma lililofuata alipita tena, akakaa kwenye mlango, akauliza tu kama watoto wamelala vizuri. Juma la tatu vile vile. Juma la tano ni mimi nilimwambia nataka kulima nyanya. Leo ninakodi shamba la Mganda aliyekuwa kwenye kikundi chetu, na watoto wake wanacheza na wangu.

Mama wa Kilosa, yule ambaye atakufungia mlango, usimfute kwenye daftari yako.

Kutoka Masasi

Nimekuwa mwezeshaji miaka saba. Nikwambie makosa yangu, mdogo wangu, yasije yakawa yako.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naongea mimi. Nafika na karatasi, namaliza mada, naondoka nimeridhika. Mama mmoja aliniitikia ndiyo miezi minne, kumbe anadaiwa mikopo miwili ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na kila shilingi tunayoipanga inakwenda huko. Nilikuwa sijauliza deni. Siku hizi naanza na deni, lakini si siku ya kwanza, na kamwe si mbele ya mume au mama mkwe.

Kosa la pili, nilimpa mmoja hela yangu ya mfukoni, elfu ishirini. Habari zilienea mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Kwa wengine wote nikawa mtu wa kuombwa, na aliyepewa akaanza kunikwepa.

La tatu linaniuma mpaka leo. Nilisimulia kikundini jambo la nyumba ya mtu, kwa nia njema, bila kutaja jina. Wakamjua. Hakurudi tena, na mpaka leo tukikutana sokoni anageuza uso.

Na usimwache mume nje. Ukipanga biashara na mke peke yake, siku ya mgao mume atajitokeza. Mwite mapema, hata kama ni kusalimiana tu.

Swali langu: hao kumi wako umbali gani? Mimi nilipewa ishirini na mbili, nikawa nawaona kwa mwezi mara moja, na mara moja kwa mwezi ni kama hukwenda.

Mwanzisha mada, Kilosa

Nimesoma yote mara mbili, na ya Rwamwanja mara tatu. Pole sana kaka yangu.

Dada wa Masasi, sita wako kwa miguu, wanne wako ng'ambo ya mto, na masika hakuvukiki. Kesho nakwenda kumwambia afisa nianze na wale sita, wanne wapate mtu wa upande wao. Kuna mama mmoja kule anauza mboga na anaheshimika, nitamtaja yeye. Na ile ya kununua chanjo kwa zamu nimeiandika, wawili kati ya sita wana kuku.

Leo jioni nilimsomea Bibi Mwalimu uzi huu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nyumba ya kwanza ni ya nani. Nilipomtajia akasema anamjua mama yake. Ameniambia nimpitie Alhamisi saa tatu, twende wote, na nisibebe karatasi.